Kabati la Kumi na Moja

Barua ilifika Makerere siku ya mvua.
Bwana Kateeba aliisoma akiwa amesimama:
jamaa ya nyinyoro haipo tena.
Yaani ipo, akasema, ila si ile.
Wamepima chembe za urithi huko maabara,
wamekuta wengi mle ndani hawana udugu.
Akanipa gundi, vibandiko vipya, na wiki mbili.

Miaka kumi na tisa nimelifungua kabati hilo.
Naijua harufu yake: nafthalini, karatasi, vumbi la Karamoja.
Sheria ya kuingia ilikuwa nyepesi:
uwe na petali sita, stameni sita,
basi, karibu, jani lako lipate pa kulala.
Ndivyo kilivyoingia kitunguu na ukali wake,
mshubiri na miiba yake,
na lile ua la moto la njia ya Moroto
linalopanda vichaka kwa ncha za majani
kama mtoto anayeshika nguo za watu sokoni;
zuri, na kiazi chake huua ng'ombe.
Hata mulamula uliingia,
ule Waganda wanaoupanda mpakani
ili ndugu wawili wasigombanie mgomba mmoja.

Nikaanza Jumatatu.
Kitunguu, kabati la pili.
Mshubiri, ghorofani.
Ua la moto lilipata jamaa nisiyoweza kuitamka,
nikaiandika herufi moja moja, ulimi nje.

Siwezi kusema sikuwaza.
Sisi tulikuwa tisa, kambini Jinja,
chumba kimoja na pazia,
baba mmoja, Koplo Adriko, na mama watatu,
na Kiswahili, kwa sababu hakuna mama
aliyejua lugha ya mwenzake.
Sinia moja. Aliyechelewa alikuta mifupa.
Nilikuwa na miaka minane nilipoambiwa
Okwera alikuja mgongoni mwa mama yake,
mtoto wa kufikia.
Nikamtazama masikio.
Yalikuwa masikio tu.

Baba alipokufa lilikuja lori na wajomba.
Hawakuleta barua, walileta vidole:
huyu Arua, hawa wawili Kitgum,
huyu mama yake katoka Masindi, apelekwe.
Vyombo navyo viligawanywa.
Mama yangu alipata kifuniko kisicho na sufuria.
Anacho mpaka leo.

Ijumaa ya pili kabati lilikuwa jeupe.
Jalada moja tu, chini kabisa. Nikalifungua:
nyinyoro nyeupe ya bustanini,
iliyochumwa na sista mmoja wa Nsambya baada ya Pasaka,
tunguu lake lilikuja kwa meli, ndani ya sanduku la nguo.
Nikauliza, na wa hapa? Wa porini?
Bwana Kateeba akafuta miwani kwa shati.
Hakuna, akasema. Hata mmoja.
Jina la ukoo limebaki kwa mgeni.

Nilicheka mpaka akaweka miwani chini.

Maana sisi wengine tumeolewa, tumehama,
tumebatizwa upya, wawili tumewazika;
na kule Jinja, juu ya duka la vipuri vya baiskeli,
kuna kibao cha buluu,
ADRIKO NA WANAWE,
na mwenye duka ni Okwera.
Ndiye aliyelipia saruji ya kaburi.
Ndiye anayepiga simu kila Krismasi, saa kumi na mbili alfajiri,
kuuliza nani amekula nini.

Sasa ni saa kumi. Watu wanateremka Wandegeya.
Gundi imeanza kukauka kwenye brashi
na kibandiko cha mwisho bado kiko kidoleni.
Kwenye mfuko wa sokoni nina vitunguu vitatu vya usiku.
Nakichukua kimoja, kidogo,
nakiweka kwenye rafu tupu, mlango wazi,
nione kama kabati litakikumbuka.